Uliza Fundi: Pikapu ya kitambo, asubuhi haiwaki, mlimani inachemka

Barua za mwezi huu karibu zote ni za pikapu za dizeli za kitambo, Hilux za 2L na 3L, Isuzu za 4JA1, Nissan moja ya TD27 (hayo ni majina ya injini), na sishangai. Hizi ndizo gari zinabeba viazi vya Molo, maziwa ya Nandi na samaki wa Kisumu, na ukiiua hiyo yako hutaagiza ingine kama hiyo kutoka nje, juu Kenya hairuhusu gari ya mtumba iliyozidi miaka 8 kuingia. Kwa hivyo ni kuzitunza hizi tuko nazo. Kitu moja inaniuma ni venye wasomaji wameambiwa wafungue injini kabla mtu hajashika hata filta. Kwa gereji yangu hapa Nakuru sikubali hiyo kazi na hapa pia sitaikubali, injini inafunguliwa mwisho kabisa, baada ya kuangalia umeme, mafuta, hewa na maji. Tuanze na baridi ya Molo.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Niko Molo na Hilux ya 2L, nabeba viazi kupeleka Nakuru. Asubuhi haishiki kabisa, nazungusha stata mpaka betri inalegea, inatoa moshi mweupe mwingi, mwishowe tunasukuma. Ikishawaka inatetemeka kidogo alafu inatulia na inapiga kazi siku nzima, mchana nikiizima inawaka mara moja. Fundi wa hapa amesema kompreshen imeisha, nibadilishe ringi na pistoni, na pesa anataka ni karibu mavuno yote. Nifungue?

JIBU: Usifungue, ndugu yangu. Barua yako yenyewe imeshanijibu nusu. Gari ambayo kompreshen, yaani nguvu ya kubana hewa kwa silinda, imeisha haiwezi kubeba viazi siku nzima na nguvu zake, ingekuwa inakunywa oili, inapumua moshi pale kwa kifuniko cha oili, na mchana pia ingekusumbua. Yako inasumbua ikiwa baridi peke yake. Alafu huo moshi mweupe unatoka wakati stata inazunguka ni dizeli mbichi, maanake mafuta yanafika kwa silinda lakini hayashiki moto. Ungeniambia unazungusha na hakuna moshi hata kidogo ningekupeleka upande wa mafuta, labda hewa imeingia kwa laini ama pampu haitupi. Lakini moshi uko. Kinachokosa ni joto.

Sasa elewa hiyo 2L. Dizeli yake hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni, inarushwa kwa kachumba kadogo ndani ya hedi, kile chuma cha juu kinafunika silinda, na asubuhi kuta za hako kachumba ni baridi, zinanyonya joto la hewa iliyobanwa kabla mafuta hayajashika. Ndiyo maana inataka hita plagi, zile za umeme za kupasha hako kachumba joto, na inataka zote nne. Isuzu ya jirani yenye 4JA1 inarusha mafuta juu ya pistoni yenyewe, ndiyo inawaka asubuhi hiyo hiyo bila kelele na watu wanafikiria injini yako ndiyo imekufa. Molo pia iko juu, kama mita 2,500, hewa ya huko imepungua kwa karibu robo ukilinganisha na ya Mombasa, kwa hivyo hata injini nzima inabana hewa kidogo na inapata joto kidogo.

Kesho kabla hujawasha fungua ile bati nyembamba inaunganisha plagi zote nne, itoe kabisa. Chukua balbu ya indiketa yenye waya mbili, waya moja ishike chanya ya betri, ingine gusa kichwa cha plagi ya kwanza. Balbu ikiwaka basi waya ya ndani ya plagi bado iko, isipowaka hiyo plagi imekatika. Pima zote, moja moja. Kwa gari za umri huu ni kawaida kabisa kupata mbili ama tatu zimekufa na mwenye gari hana habari. Kama zote zinawasha balbu basi umeme haufiki, rudisha bati, mtu akufungulie swichi na wewe ujaribu balbu kwa hiyo bati na bodi. Ikikataa kuwaka tafuta relei, fyuzi yake kubwa, ama waya iliyooza. Na ile taa ya njano ya dashibodi yenye picha ya koili isikudanganye, hiyo inaendeshwa na taima, itawaka na kuzima kwa wakati wake hata plagi zote zikiwa zimekufa.

Ukienda dukani soma volti iliyoandikwa kwa plagi yenyewe. Hizi injini za L zilitoka na mifumo tofauti, kuna plagi za volti 6 na kuna za 11 ama 12, kwa macho zinafanana na zinaingia shimo moja. Ya volti 6 ukiipa volti 12 itang'aa vizuri sana alafu iungue, na utarudi kusema spea ni feki. Nunua nne za aina moja. Kuzitoa, injini iwe na uvuguvugu na uzungushe polepole, juu plagi iliyovimba ncha inaweza kukatikia ndani. Ukipata ncha imeliwa, hiyo silinda nozo yake, ile inarusha dizeli ndani, inakojoa mafuta badala ya kupuliza ukungu, peleka nozo kwa watu wa pampu wazipime.

Baada ya plagi ni betri na waya nene, hasa ile ya negativu inaenda kwa bodi na kwa injini, dizeli haitawaka kama stata inazunguka pole pole. Kama una mita, iweke kwa betri wakati wa kuzungusha, ikianguka chini ya volti 9 na nusu shida ni betri ama hizo waya. Yote yakiwa sawa na bado inakataa, hapo ndipo unapima kompreshen, tena na geji ya dizeli, si kwa kusikiliza. Kitabu cha Toyota cha hizi injini kinasema ikiwa mpya ni kama psi 455, ikishuka chini ya 284 imechoka, na silinda zisipishane zaidi ya psi 71. Huko Molo geji itasoma chini kuliko kitabu kwa sababu ya hewa, kwa hivyo angalia sana hiyo tofauti ya silinda na silinda. Mwambie huyo fundi akuandikie hizo namba nne kwa karatasi kabla hajataja ringi. Na kama kuna mtu anakunyunyizia petroli kwa mdomo wa hewa ndiyo iwake, mkataze leo, petroli inalipuka kabla pistoni haijafika juu na inaweza kupinda koni rodi.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mama wa samaki hapa Kisumu, napeleka omena na ngege Kericho mara kwa mara na Hilux yangu ya 3L. Kwa tambarare mpaka Awasi mshale wa joto uko sawa, nikianza kupanda unapanda na mimi, mpaka nasimama njiani samaki wakiharibika. Fundi alitoa themostati akasema itapoa, haikupoa. Sasa anasema hedi imepinda, iteremshwe ikachongwe. Dereva wangu anaongeza maji kila safari.

JIBU: Marahaba mama yangu, na pole sana, najua omena haingojei fundi. Hapa pia naomba hedi ingoje kwanza.

Gari inayochemka mlimani tu na kwa tambarare iko sawa mara nyingi haina shida ya hedi, ina shida ya kupoza. Injini inatoa joto jingi wakati imebeba mzigo na inaenda polepole, hakuna upepo wa barabara, kazi yote inabaki kwa feni na rejeta. Kwa hivyo anza na feni. Katikati yake kuna klachi yenye oili ya silikoni, ikipata joto inashika na feni inazunguka na nguvu. Gari ikiwa imechemka, zima injini, toa ufunguo, alafu sukuma feni na mkono. Ikiwa nzuri inakataa, inazunguka na uzito. Ikizunguka bure raundi mbili tatu, hiyo klachi imeisha oili na hapo ndipo Kericho inakushinda. Inaweza kujazwa silikoni ama kubadilishwa, na bei yake si ya kulinganisha na kuteremsha hedi.

Alafu kifuniko cha rejeta. Watu wanakidharau na ndicho kinaniudhi zaidi kwa gari za huku kwetu kwenye milima. Maji Kisumu yanachemka kama digrii 96, ukifika Kericho zaidi ya mita 2,000 yanachemka kwa 93 hivi, na kule Timboroa ni karibu 91, na injini yenyewe ikiwa mzima inafanya kazi kati ya 82 na 95. Sasa hebu ona, bila presha maji yangechemka injini ikiwa haina ugonjwa wowote. Kinachozuia ni hicho kifuniko, kinafanya kazi kama sufuria ya presha ya kupikia githeri, kikiwa cha 0.9 kinashikilia maji mpaka yapite digrii 110. Angalia mpira wake wa chini, kama umekauka, umepasuka ama umebonyea, springi ikiwa legevu, badilisha. Na usikubali kuuziwa chochote kinachoingia, kiwe na namba ile ile iliyoandikwa kwa cha zamani. Mama, dereva asifungue hicho kifuniko gari ikiwa moto, maji yanaruka usoni.

Rejeta yenyewe iangaliwe nje na ndani. Nje kuna matope, nyasi na wadudu wa hiyo barabara ya mashamba ya miwa, ioshwe na maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, juu ukipiga kutoka mbele unazidi kuusukuma uchafu ndani. Ya ndani utaijua kwa mkono, injini ikiwa na joto na imezimwa pitisha kiganja kwa uso wa rejeta, mahali ni baridi peke yake pameziba. Hiyo ya kuongeza maji ya mtoni kila safari ndiyo inaziba, chumvi na udongo wa hayo maji vinaganda kwa mirija. Weka kulanti nusu na maji safi nusu, maji ya mvua yakiwa yamechujwa ni bora kuliko ya mtoni.

Themostati, ule mlango wa maji unaofunguka na joto, irudishwe. Hizi injini zina njia ya pembeni ya maji, themostati ikifunguka upande wa rejeta inafunga hiyo njia ya pembeni. Ukiitoa, hiyo njia inabaki wazi, maji mengine yanazunguka kwa injini bila kupita rejeta hata kidogo. Kwa hivyo alipoitoa alikuongezea shida.

Hayo yote yakiwa sawa na bado inapoteza maji, hapo ndipo unauliza hedi, na unaiuliza bila kuifungua. Asubuhi injini ikiwa baridi fungua kifuniko, jaza maji mpaka kwa mdomo, washa, na uchungulie. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Lakini mapovu yanayokuja bila kukatika, madogo madogo, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka na maji yanamwagika, hiyo ni moshi wa silinda unaingia kwa maji. Dalili ingine, ukiwa umefunga kifuniko na gari imewaka dakika moja tu, mpira wa juu wa rejeta umekuwa mgumu na bado ni baridi. Ukiona hizo, sawa, hedi iteremke. Na ikiteremka isichongwe tu na kurudishwa, ipelekwe ikapimwe presha, juu hedi za hizi injini za L zina tabia ya kupata ufa kati ya vali na vali, na hedi yenye ufa hata ukiichonga inyooke namna gani itakurudisha pale pale.

Kwa sasa dereva akianza kupanda ashuke gia mapema, injini izunguke kasi kidogo, feni na wota pampu zinazunguka nayo. Akilazimisha gia ya nne na mzigo, injini inaungua na feni imelala.

SWALI: Niko Webuye na Nissan ya TD27. Nilinunua dizeli ya jerikeni kando ya barabara, bei ilikuwa nzuri. Tangu hiyo siku gari inakata kata, inazima, nikipampu ile ya mkono inawaka alafu inazima tena. Nimeambiwa injekta pampu imekufa, ninunue ya mtumba.

JIBU: Kijana wangu, bei ilikuwa nzuri kwa aliyekuuzia. Kabla ya kununua pampu chukua chupa ya glasi isiyo na rangi, fungua ile skrubu ya chini ya filta ya dizeli na ukinge mpaka chupa ifike nusu. Iweke mahali imetulia nusu saa. Maji yatakaa chini na dizeli juu, utaona mstari katikati waziwazi. Ukipata maji, teremsha tangi, mwaga yote, osha, badilisha filta, alafu utoe hewa na pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Kama chupa haina maji lakini ni nyepesi na inanuka mafuta taa, mwaga pia. Hiyo pampu yako ya kuzunguka haina oili yake, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, na mafuta taa ni makavu, vyuma vinasagana. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018 kwa sababu ya huo mchezo wa kuchanganya, na umepungua, lakini jerikeni ya kando ya barabara haina mtu wa kuikagua.

Sasa hiyo ya kuwaka ukipampu na kuzima baadaye, hiyo inasema kitu ingine pia, kuna mahali inavuta hewa ama filta imeziba. Nunua futi moja ya mpira mweupe wa kupitisha mwanga, uweke kati ya filta na pampu, uwashe na uangalie. Mapovu yakipita, rudi nyuma kila kiungo, klipu za paipu, mpira wa chini ya filta ambao mara nyingi unawekwa ule wa zamani tena, na ile pampu ya mkono yenyewe ambayo ngozi yake ya ndani hupasuka na haivuji mafuta nje, inavuta hewa ndani. Hakuna mapovu na mafuta yanakuja kidogo kidogo, toa paipu ya tangi, puliza, kuna chujio ndani ya tangi linaloziba na uchafu. Kitu ya mwisho, fungua swichi bila kupiga stata na usikilize kwa pampu, kunafaa kulia "tak" ya solenoidi inayofungulia mafuta. Kusipolia, angalia waya yake kwanza, inalegea kwa mtetemo.

Pampu ikiwa inatona kwa ekseli ya kukanyagia mafuta, hiyo ni sili tu, watu wa pampu wanabadilisha sili. Pampu ya mtumba usiyoijua inatoka wapi inaweza kuwa ilikufa kwa mafuta taa ya mtu mwingine.

SWALI: Nimenunua Hilux ya 2L hapa Njoro, mwenye aliuza hajui belti ya taiming ilibadilishwa lini. Taa ya T-BELT haijawaka. Niendelee kuendesha?

JIBU: Hapana dada, badilisha sasa. Toyota inasema kilomita 100,000, na hiyo taa inafuata hesabu ya kilomita tu, haijui hali ya belti, na mtu anaweza kuizima na skrubu kwa dashibodi bila kubadilisha kitu. Belti ikikatika ukiwa njiani pistoni zinagonga vali. Badilisha na beringi yake ya kukazia pamoja, angalia sili za mbele kama zinatona oili juu oili inaharibu belti mpya, na uandike kilomita na tarehe kwa kibandiko ndani ya boneti. Na msomaji mwenye 4JA1 aulize fundi afungue aone, nyingi za hizo zinatumia gia, hazina belti ya kuogopa.

SWALI: Natoka Kakamega na mahindi kwenda Nakuru, nikifika Timboroa pikapu inatoa moshi mweusi kama imechomwa tairi na nguvu inaisha, nikishuka inapotea. Fundi anataka "kukaza pampu".

JIBU: Kule juu ni zaidi ya mita 2,700. Hewa ni kidogo na pampu yako inaendelea kutupa mafuta yale yale, mengine hayapati hewa ya kuungua, yanatoka meusi. Gari isiyo na tabo, ile ya kusukumia injini hewa zaidi, itafanya hivyo kidogo na si ugonjwa. Ikiwa ni nyingi toa ile filta ya hewa, iangalie na mwanga wa jua kutoka ndani, vumbi la hizo barabara za mahindi linaimaliza haraka, alafu angalia paipu ya hewa isiwe imejikunja ndani. Kisha nozo zipimwe, na kama bado, taiming ya pampu iangaliwe na mtu mwenye daili geji. Skrubu ya kuongeza mafuta yenye sili ya kiwandani isiguswe. Watu wanaifungua kutafuta nguvu, wanapata moshi, wanapata joto kwa pistoni, alafu msimu unaofuata wananiletea hedi. Kwa huo mlima punguza mguu, moshi ukipungua na mwendo haujapungua ujue ulikuwa unamwaga dizeli bure.

SWALI: Isuzu yangu ya 4JA1 nabeba maziwa Nandi Hills. Nimemwaga oili, nikaweka mpya, kesho yake nyeusi tii. Nilidanganywa oili?

JIBU: Hapana mzee wangu, dizeli za kitambo ziko hivyo, masizi yanaingia kwa oili mara moja na oili nzuri inayashika yasikae kwa injini. Weka 15W-40 ya dizeli, iandikwe ni ya dizeli, mwaga kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Kitu cha kuogopa ni oili inayoongezeka kwa dipstiki badala ya kupungua, hiyo ni dizeli ama maji yanaingia. Na ikiwa kama chai ya maziwa, zima usiendeshe hata hatua moja.

SWALI: Fundi, mimi ni dereva, nashuka Sachangwan kwenda Salgaa na Hilux ya 3L ikiwa na mbao. Siku hizi pedali ya breki inakuwa ngumu kama mawe nikiwa katikati ya mteremko, nakanyaga na miguu yote. Nimebadilisha pedi na breki shuu, hakuna tofauti. Mwenye gari anasema niweke fri nihifadhi mafuta na niache kulalamika.

JIBU: Hii barua ndiyo niliisoma mara ya kwanza nikaiweka juu ya zingine zote. Ndugu, hiyo barabara unaijua kuliko mimi, unajua magari yaliyokufa breki hapo na watu walioachwa hapo. Usiweke fri. Hakuna mafuta unahifadhi, pampu ya dizeli ukiachilia mguu ukiwa kwa gia inakata mafuta, ukiwa fri inalazimika kuyatupa ndiyo injini isizime. Na ukiwa fri injini haikushikilii, mzigo wote unaishia kwa breki, zinapata moto, breki fluidi ya zamani iliyonyonya maji inachemka na pedali inazama mpaka chini. Shuka na gia ile ungetumia kupanda, ya pili ama ya tatu, kutoka juu kabisa kabla mteremko haujakushika.

Sasa huo ugumu. Pedali inayozama ni fluidi ama mipira ya silinda, pedali ngumu ni basta, ile inasaidia mguu kukanyaga, imekosa vakyum, yaani nguvu ya kunyonya hewa. Gari ya petroli inapata vakyum kwa injini yenyewe, dizeli haina, kwa hivyo Toyota waliweka pampu ndogo ya vakyum nyuma ya altaneta. Inaendeshwa na fenibelti ile ile na inalainishwa na oili ya injini kupitia paipu mbili ndogo za mpira. Kwa hivyo fenibelti ikiteleza, vakyum inapungua. Vile visahani vya ndani vikiisha, inapungua. Paipu nene inayotoka hapo kwenda kwa basta ikipasuka, ama vali yake ya upande mmoja ikikwama, hakuna kitu. Na ukizima injini ukiwa unateremka una breki za kukanyaga mara mbili tatu, alafu zimeisha.

Jaribu hivi gari ikiwa imesimama, handbreki juu. Injini imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie na mguu, alafu washa. Pedali inafaa izame kidogo yenyewe chini ya mguu. Isipozama, chomoa paipu nene kwa basta injini ikiwa imewaka na uzibe mdomo wake na kidole gumba. Inafaa ikunyonye na nguvu ndani ya muda mfupi. Ikinyonya vizuri basi basta imepasuka ngozi, na mara nyingi utasikia "sss" chini ya dashibodi ukikanyaga. Isiponyonya, rudi nyuma, kaza fenibelti kwanza, badilisha paipu iliyopasuka, angalia vali, mwisho kabisa ndiyo pampu. Ukiangalia hapo tazama pia kama altaneta imelowa oili chini, hizo paipu ndogo zikivuja zinaua altaneta na zinamaliza oili ya injini, na wewe utaambiwa ni ringi.

Ukishamaliza, badilisha breki fluidi yote, DOT 3 ya chupa iliyofungwa, na mwonyeshe mwenye gari hili jibu. Gari ya biashara inaenda inspekshen ya NTSA kila mwaka na breki ndiyo inaangaliwa sana, lakini huna haja ya kungoja inspekshen. Mpaka kidole chako kinyonywe kwa hiyo paipu, mbao zipakuliwe na hiyo gari isiguse Salgaa.